Mtu au roboti angani? Jibu kwa mwalimu wa Kasulu

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari hapa Kasulu, mkoani Kigoma. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wana mdahalo wenye mada "Anga za juu zichunguzwe na wanadamu, si roboti". Kila upande unarudia yaleyale: mmoja unasema mtu ana akili, mwingine unasema roboti haifi. Naomba maelezo yenye namba ambazo wanaweza kuzikokotoa wenyewe, na kama lipo jaribio la kufanya shuleni bila vifaa vya gharama, nitashukuru sana.

JIBU: Mwalimu, pole na kazi. Naanza na msimamo wangu ili wanafunzi wajue wanabishana na nani. Kuanzia sayari ya Mshtarii kwenda mbele, kazi ni ya roboti na itabaki ya roboti kwa muda mrefu. Mwezini, mtu ana kazi ya kweli ambayo mashine bado inaifanya kwa shida. Mirihi ndiko kwenye ubishi wenye uzito, na huko nasimama na wanaosema roboti zimalize kwanza kutafuta uhai, ndipo mguu wa mtu ukanyage.

Kwamba mtu ana akili na roboti haifi, yote mawili ni kweli, lakini hayamsaidii yeyote kuamua. Waulize badala yake: amri inafika baada ya muda gani, na kazi ikikwama nani ataikwamua?

Waanze na muda. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo wagawe umbali kwa namba hiyo. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400: amri inafika kwa sekunde 1.3 hivi. Mirihi ikiwa karibu kabisa nasi iko kama kilomita milioni 56: dakika 3. Ikiwa ng'ambo ya Jua, kilomita milioni 400: dakika 22, na hizo ni za kwenda tu. Chombo cha Marekani Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977, kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa, na ujumbe wa kukifikia unatumia zaidi ya saa 22.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kazi. Mwaka 1973 Wasovieti waliendesha gari-roboti lao Lunokhod 2 juu ya Mwezi wakiwa wameketi Crimea, hapahapa duniani, wakitazama picha na kuelekeza magurudumu, na likatembea kilomita 39 ndani ya miezi michache. Mirihi huwezi kuendesha hivyo. Ukiona shimo kwenye picha, ujue picha hiyo ilipigwa dakika kadhaa zilizopita, na amri yako ya kusimama itafika baada ya dakika nyingine kadhaa. Kwa hiyo timu hutuma kwa mkupuo amri za siku nzima, roboti inazitekeleza peke yake, kisha picha na vipimo vinarudi na mpango wa kesho unaandikwa. Roboti Opportunity ilitua Mirihi Januari 2004 kwa kazi ya siku 90, ikadumu hadi dhoruba ya vumbi ya Juni 2018. Katika miaka hiyo 14 ilitembea kilomita 45. Wanaanga wawili wa Apollo 17, Desemba 1972, walizunguka Mwezini kilomita 35 kwa gari lao ndani ya siku 3, wakiwa nje ya chombo kwa jumla ya saa 22 hivi. Mmoja wao, Harrison Schmitt, alikuwa mwanajiolojia, naye ndiye aliyeona udongo wa rangi ya chungwa kando ya kreta ya Shorty, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Walisimama, wakachimba mfereji mdogo, wakachukua sampuli. Baadaye maabara ilionyesha ni chembe za kioo zilizotoka kwenye mlipuko wa volkano ya kale.

Kuhusu kukwama, mfano bora ni chombo cha Marekani kiitwacho InSight, kilichotua Mirihi Novemba 2018. Kilibeba kifaa cha kupima joto la chini ya ardhi, mfano wa msumari mnene wa sentimita 40 hivi wenye nyundo ndani yake, ambao ulitakiwa kujigongomea wenyewe hadi mita 5. Nyundo ya aina hiyo haifanyi kazi bila msuguano. Udongo lazima uushike msumari pembeni, la sivyo kila pigo linaurusha msumari nyuma badala ya kuusukuma chini. Udongo wa pale ulishikamana kwa namna ambayo wabunifu hawakuitarajia, ukaacha tundu pana kuzunguka msumari. Ukawa unadunda papo hapo. Timu ikajaribu kuubana kwa koleo la mkono wa roboti, kisha kuukandamiza kwa juu, kila hatua ikisubiri picha na mikutano, kwa karibu miaka miwili. Januari 2021 wakaacha, msumari ukiwa umezama kwa urefu wake tu. Mtu mwenye jembe angefukia tundu lile, akashindilia udongo na kisigino, na kwa maoni yangu angemaliza ndani ya saa moja. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa wanadamu, nami naiheshimu.

Darubini ya Hubble inaipa hoja hiyo uzito zaidi. Ilirushwa Aprili 1990, na muda mfupi baadaye ikagundulika kwamba kioo chake kikuu kilichongwa vibaya: ukingo ulikuwa bapa kupita kiasi kwa mikroni 2 hivi, yaani elfu mbili za milimita. Desemba 1993 wanaanga walitoka nje ya chombo mara tano, wakabadilisha kamera na kuingiza kifaa chenye vioo vidogo vya kurekebisha kasoro ile. Safari nne nyingine za matengenezo zilifuata, ya mwisho ikiwa 2009. Lakini upande wa roboti wauliza Hubble iko wapi. Iko kilomita mia tano hivi tu juu ya ardhi. Darubini ya James Webb iko kilomita milioni 1.5, na hakuna fundi anayeweza kuifuata huko, kwa hiyo ilibidi ijengwe ili isihitaji fundi. Fundi ana maana pale tu anapofikika.

Wasije wakasema roboti huanguka na mtu haanguki. Ni kweli kwamba Oktoba 2016 chombo cha Ulaya kiitwacho Schiaparelli kilipokuwa kinashuka Mirihi kiliyumba, kifaa cha kupima mzunguko kikakwama kwenye kikomo chake kwa kama sekunde moja, na kompyuta ikahesabu kwamba kimo ni chini ya sifuri, yaani chombo kimeshatua. Ikaachia parachuti na kuzima injini kikiwa bado kilomita 3.7 hewani. Lakini watu saba walikufa ndani ya chombo cha Marekani Challenger Januari 1986, saba wengine ndani ya Columbia Februari 2003, na Wasovieti watatu wa Soyuz 11 walikufa Juni 1971 kwa sababu vali moja ilifunguka kabla ya wakati na hewa yote ikatoka. Schiaparelli ilipoteza fedha na miaka ya kazi. Soyuz 11 iliacha wajane na yatima.

Sasa mzigo. Hapa ndipo mdahalo mwingi wa shule unapokosa namba, na ndipo mwanafunzi wa fizikia anapotakiwa kung'aa. Mtu mmoja kwa siku anahitaji takriban kilo 0.84 za oksijeni, kilo 1.8 za chakula pamoja na vifungashio vyake, na kilo 3 za maji ya kunywa na kupikia tu, bila kuoga. Chukua watu 4 kwa safari ya Mirihi: siku 180 kwenda, siku 500 kusubiri sayari zikae vizuri (nafasi ya kusafiri hujirudia kila baada ya miezi 26), siku 180 kurudi. Jumla siku 860. Oksijeni ni kilo 2,890, chakula kilo 6,192, maji kilo 10,320. Zaidi ya tani 19 kabla ya kuhesabu ukuta wa chombo, mavazi, dawa na mafuta ya kurudi nyumbani. Roboti Perseverance, yenye vyombo vyake vyote vya sayansi, ina kilo 1,025.

Kuna mitambo ya kusafisha maji. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga sehemu kubwa ya mkojo, jasho na unyevu wa hewa hugeuzwa kuwa maji tena, na mwaka 2023 walifikia asilimia 98. Kwa hiyo upande wa wanadamu una haki ya kupunguza tani 10 za maji. Ila mtambo nao una uzito na unaharibika, na kituo kile hupelekewa vipuri kutoka duniani. Njiani kwenda Mirihi hakuna wa kukuletea pampu.

Tena kila kilo inayoongezwa inadai kilo nyingine. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita Tabora kwenda Ujiji walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja, na kiongozi wa msafara aliyeongeza mpagazi wa kubeba posho alijikuta ana mdomo mmoja zaidi wa kulisha. Roketi ni vivyo hivyo, kwani mafuta ya kuinua mzigo yanahitaji mafuta mengine ya kuyainua yenyewe. Ndiyo maana roketi ya Saturn V, iliyopeleka watu Mwezini, ilikuwa na zaidi ya tani 2,800 ilipoondoka, na kilichorudi baharini kilikuwa kichwa chenye wanaanga watatu na mawe.

Kutua nako kuna mpaka wake. Hewa ya Mirihi ni chini ya asilimia 1 ya hewa yetu: inatosha kukichoma chombo kinachoingia kwa kilomita karibu 20,000 kwa saa, haitoshi kukisimamisha kwa parachuti. Tani 1 ya Perseverance iko kwenye kilele cha kile ambacho mbinu za sasa zimewahi kutua nacho salama huko. Kwa wanadamu, wahandisi wanakadiria tani 20 au zaidi kwa mtuo mmoja.

Mionzi waikokotoe pia, maana namba zake zilipimwa na roboti. Curiosity ilipokuwa njiani mwaka 2011 na 2012 ilipima takriban milisiveti 1.8 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa siku, na ilipotua ikapima kama 0.65 kwa siku. Siku 360 za njiani ni 648, siku 500 za ardhini ni 325, jumla inakaribia 1,000. Kikomo ambacho NASA, shirika la anga la Marekani, imewawekea wanaanga wake kwa maisha yao yote ya kazi ni 600. Hapa duniani mtu hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye mazingira. Mifupa nayo hupoteza asilimia 1 hivi kwa mwezi pale ambapo mwili hausikii uzito, ingawa mazoezi ya saa mbili kila siku husaidia sana.

Lakini hata tani na mionzi zikipatiwa ufumbuzi, bado ningesema subiri, na sababu yangu ni vijidudu. Swali kubwa tunalotaka kuiuliza Mirihi ni kama iliwahi kuwa na uhai, au unao bado chini ya ardhi. Mwili wa mtu una matrilioni ya bakteria, na vazi la mwanaanga halizibi kabisa: linavuja kidogo kwenye viungo, na mlango wa chombo kila ukifunguliwa unatoa hewa ya ndani. Kabla ya vyombo viwili vya Viking kurushwa kwenda Mirihi mwaka 1975, kila kimoja kilichomwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 110 kwa saa zipatazo 30 ili kuua vijidudu. Roboti unaweza kuioka. Mtu huwezi. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unazitaka nchi ziepuke kuchafua sayari nyingine kwa namna yenye madhara, na watu wa kazi hii wanauchukulia kwa uzito: chombo cha uchunguzi Galileo kiliangamizwa makusudi ndani ya Mshtarii mwaka 2003, na Cassini ndani ya Zohali mwaka 2017, ili zisije zikaanguka kwenye miezi yenye bahari chini ya barafu. Tukipeleka watu mapema, kisha tukakuta bakteria kwenye udongo wa Mirihi, tutabaki tunabishana kama ni wa Mirihi au wa Houston, mji wa Marekani wanakofunzwa wanaanga. Nafasi ya kuuliza swali hilo ni moja tu.

Mwezini hofu hiyo ni ndogo mno, kwa kuwa hakuna anayetarajia kukuta uhai pale. Na faida ya mtu imeonekana: safari sita za Apollo zilirudi na kilo 382 za mawe na udongo, wakati roboti tatu za Kisovieti, Luna 16, 20 na 24, zilileta kwa pamoja chini ya nusu kilo. Upande wa roboti unaweza kujibu kwa Chang'e 6 ya China, iliyoleta gramu 1,935 Juni 2024 kutoka upande wa Mwezi usioonekana duniani, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukanyaga. Mirihi, hata hivyo, roboti bado hazijarudisha jiwe hata moja. Perseverance imejaza mirija ya sampuli, mingine 10 ikaiweka chini kama akiba, na makadirio ya 2023 ya kuileta nyumbani yalifika dola bilioni 8 hadi 11. Hapo upande wa wanadamu usikose kupiga.

Fedha watazitaja tu, kwa hiyo wawe nazo sahihi. Mpango wa Apollo ulitumia dola bilioni 25 na kitu kwa thamani ya wakati ule. Perseverance ni bilioni 2.7. Chandrayaan-3 ya India, iliyotua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi tarehe 23 Agosti 2023, ni kama milioni 75.

Jambo moja wanafunzi hulisahau: kuchunguza si kutembea tu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kujengwa kwa ajili ya kutafuta vyanzo vya mionzi ya eksirei angani, na vipimo vyake vya chanzo kimoja, Cygnus X-1, vilisaidia kuonyesha kwamba pale kuna shimo jeusi. Mtu angefanya nini ndani ya chombo kile zaidi ya kukitikisa? Hata hapo kwenu, picha za setilaiti za Landsat ndizo zilizoonyesha jinsi misitu ya vijiji vinavyoizunguka Gombe ilivyopungua, na hakuna aliyepanda juu kuzipiga.

Ipo pia njia ya katikati, nayo naipenda: mtu akae karibu, mikono yake iwe roboti. Novemba 2019 mwanaanga Luca Parmitano, akiwa kwenye Kituo cha Kimataifa, aliendesha gari-roboti lililokuwa Uholanzi na kuokota mawe kwa mkono wake wa chuma. Watu wakizunguka Mirihi bila kutua, kuchelewa kwa amri kungeshuka kutoka dakika hadi chini ya sekunde, na vijidudu vyao vingebaki juu. Mionzi ingebaki tatizo.

Sasa jaribio lako. Linahitaji vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na uwanja.

Chora kwa majivu mraba wa mita 6 kwa 6. Weka mawe 12 ya ukubwa wa ngumi, na 3 kati yao yachore alama ya mkaa upande wa chini. Hayo ndiyo yenye "uhai". Kundi la kwanza ni la roboti: mwanafunzi mmoja amefungwa kitambaa machoni na amevaa soksi safi mikononi, mmoja ni kamera, mmoja ni mjumbe, na watatu ni waongozaji walio darasani wasikoona uwanja. Waongozaji wanaandika amri zisizozidi 5 kwa karatasi, za aina hizi tu: mbele hatua kadhaa, geuka robo kushoto, geuka robo kulia, inama uokote, simama. Mjumbe anasubiri dakika 3 kwa saa kabla ya kuipeleka karatasi. Amri zikitekelezwa, kamera anachora alichoona mbele ya roboti bila kusema neno, na mjumbe anasubiri dakika 3 nyingine kabla ya kurudi. Mtapata mizunguko 8 hivi.

Kundi la pili linampeleka mtu anayeona, lakini viganja vyake vimepakwa vumbi la chaki. Jiwe lolote litakalobaki na weupe linahesabika limechafuliwa, na alama yake haikubaliki kuwa ushahidi. Kila kundi lina alama 100 za mzigo. Roboti moja inatumia 10 kwa muda wote, mtu anatumia 15 kwa kila dakika, yaani dakika 6 na nusu hivi basi.

Matatizo matatu yatatokea. Roboti itakosa mawe, kwa sababu hatua ya aliyefungwa macho ni fupi kuliko waliyopanga waongozaji. Kosa la sentimita 10 kwa hatua ni mita 2 baada ya hatua 20. Magari ya Mirihi hupata hilohilo magurudumu yakiteleza mchangani, na dawa ni kupima upya kwa kutumia alama inayojulikana. Pili, kamera atashindwa kujizuia, ataanza kunong'ona "kushoto, kushoto". Mtenge mita 3. Tatu, waongozaji wakichoka kusubiri wataomba kuandika "ukigusa jiwe, simama". Waruhusu kuanzia mzunguko wa 5, na wahesabu ni mawe mangapi zaidi waliyapata baada ya hapo, kwa sababu watakuwa wamebuni wenyewe uwezo wa roboti kujiamulia.

Mtu atageuza mawe yote 12 kabla dakika zake hazijaisha, na karibu yote yatakuwa meupe. Ubishi utakaofuata uwanjani ndio unaoutaka.

Kuhusu mada, ningeibadilisha. Ilivyo sasa ni pana mno, na upande wa roboti unashinda kwa kutaja Voyager tu. Andika: "Mwanadamu asikanyage Mirihi kabla roboti hazijamaliza kutafuta uhai." Wanaounga mkono wapewe Viking, mionzi na tani 19. Wanaopinga wapewe msumari wa InSight, kilomita 35 za Apollo 17 na mirija ya Perseverance inayosubiri. Na atakayesema "ni ghali" bila kutaja kilo wala dola, mwenyekiti amkatie muda.